Programu Isiyo na Ikoni
Fundi wa kompyuta wa Busia anayetaka programu yake ionekane kwenye menyu ya Linux haombi kibali kwa mtu. Anaandika faili fupi linaloishia na .desktop, analiweka ndani ya ~/.local/share/applications, basi. Name ni jina, Icon ni sura, Exec ndiyo amri yenyewe. Akikosea Exec, ikoni itapendeza bure kama kibao cha ofisi iliyofungwa.

Utamu uko kwenye mstari NoDisplay=true: programu ipo, inachapa kazi, ila menyuni haionekani.

Hilo Busia halihitaji darasa. Kituo cha pamoja cha mpakani mwa Kenya na Uganda kilizinduliwa Februari 2018, marais wawili wakiwepo. Lakini njia za panya zisizoonekana menyuni, kutoka hapo hadi Malaba wilayani Tororo, zingali zinapitisha sukari na mahindi.