Kulala Wapi?

Mgeni wa Roma huumiza kichwa wiki nzima: alale Trastevere, au karibu na stesheni ya Termini? Korogwe ni rahisi. Shukia Manundu, malori ya kwenda Arusha yatakubembeleza kwa honi mpaka alfajiri.

Mtihani uko Handeni. Gesti ya Chanika itakuonyesha bafu la marumaru, bomba linalong'aa na, chini yake kwa adabu zote, ndoo ya bluu na kopo. Maji ya Handeni huvutwa Mto Pangani, huko huko Korogwe, kwa bomba la mradi wa maji wa HTM. Kumbe nayo huchagua mtaa wa kulala. Mandhari achana nayo. Mhudumu akisema, “Yalitoka juzi, bosi,” lipia chumba upesi.