Utukufu wa Boksi Faili

Wengine wakirudi nyumbani likizo hubeba sukari, mikate na kitenge cha mama. Mimi nilishuka stendi ya Babati na maboksi faili kumi na moja. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka Sigino aliyafunga kwa mpira nyuma ya pikipiki, akaniuliza kama ni dawa za ng'ombe. Nikamwambia ni ithibati. "Pole sana, kaka," akasema, kama mtu aliyetajiwa jina la ugonjwa.

Pole ya nini? Hapa Bongo tumewasifu mashujaa, mbuga, mpaka gongo, ila sijamsikia mtu akilisifu boksi faili la ithibati, lenye ushahidi kwamba kozi ya chuo inastahili kutambuliwa, lile jeusi lenye mgongo mpana na chuma cha kubana kinachouma vidole. Nalisifu mimi.

Kwanza, lina adabu ya kutumikia mabwana wawili bila kunung'unika. Chuo kinachofundisha uhandisi nchini kinatazamwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza 2005, na wahitimu wake wanasubiriwa mlangoni na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo sheria yake ni ya 1997. Mhitimu bado ana miaka mitatu ya kunolewa kazini chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa kamili. Kila bwana kati ya hao wawili anataka karatasi zake, kwa mpangilio wake. Mwalimu angelia. Boksi linafungua mdomo tu na kumeza.

Pili, linatibu vilivyoshindikana. Chuoni ninakofundisha, kwa miaka minne niliandika barua kuhusu bomba la maabara yetu ya mtiririko wa maji, ambalo halikuwa na maji. (Ndiyo, maabara ya maji.) Wanafunzi walipima mtiririko kwa kunitazama nikichora mishale ubaoni. Wiki tatu kabla ya jopo la ithibati kufika, fundi bomba alikuja bila kuitwa. Mashine ya kerezo iliyolala chini ya turubai ikapakwa rangi ya kijani, na vizima moto vikabandikwa tarehe mpya. Mama aliposikia habari hizi alicheka: ndivyo ilivyokuwa hapa nyumbani, walipokuja kumposa dada yangu. Kuta zilipigwa chokaa, vikombe vikaazimwa kwa jirani, na baba, aliyekuwa hajavaa koti tangu Mkoa wa Manyara uzaliwe mwaka 2002, akavaa koti. Sikumwambia mama kwamba na sisi tumeazima mashine ya kuvunjia vipande vya zege kutoka kwa jirani.

Tatu, linarudisha kumbukumbu. Kamati yetu ya mitaala ilipaswa kukutana kila muhula. Hakuna aliyekumbuka kama ilikutana, hadi boksi namba nne lilipoonekana tupu. Hapo tukakumbuka vikao sita, waliohudhuria, walioomba udhuru, hata saa ya kufunga. Mihtasari yote ilisainiwa kwa kalamu moja na kupata doa la chai upande mmoja. Wanahistoria wetu wanahangaika na masimulizi ya wazee, na boksi lipo!

Tena ni mwalimu wa lugha. Katika malengo ya somo siku hizi ni marufuku kuandika kwamba mwanafunzi "ataelewa". Kuelewa hakupimiki. Iandikwe kwamba ataweza kubuni, kuchambua, kukokotoa, kutathmini. Tulikaa mchana mzima, wahandisi saba wenye shahada za uzamivu, tukikiwinda kitenzi "kuelewa" kurasa mia mbili kama panya ghalani. Jioni hakuna aliyekuwa anaelewa chochote, na hivyo tukawa tumetimiza kigezo.

Lakini sifa inayonigusa zaidi ni ya rafu. Maboksi yalipofika arobaini, rafu ya mbao ofisini ilipinda katikati. Nikawaita wanafunzi wa mwaka wa pili na futi kamba. Wakapima urefu, unene na uzito, wakakokotoa rafu ilipaswa kushuka kiasi gani, wakapima imeshuka kiasi gani, wakabishana kwa nini majibu hayalingani, mpaka binti mmoja akagundua kwamba ubao ulikuwa na ufa. Sijapata kipindi kizuri kama kile muhula mzima. Mkuu wa idara akapiga picha, akaiweka kwenye boksi la mafunzo kwa vitendo, boksi likapandishwa rafuni, na rafu ikashuka kidogo zaidi.

Wapo wanaosema haya yote ni makaratasi. Wawaulize wahitimu wa Kenya, zaidi ya mia moja, waliokuwa na shahada za uhandisi mkononi, bodi ya wahandisi ya huko ikakataa kuwasajili kwa hoja kwamba kozi zao hazikutambuliwa. Walikwenda mahakamani, na kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, ikaamuliwa 2018. Kijana anaweza kuzeeka akisubiri karatasi ambayo haikuwekwa boksini. Na wakubwa wa dunia ndivyo wanavyoishi: mwaka 1989 Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Ireland zilifunga Mkataba wa Washington wa kuaminiana ithibati zao, Afrika Kusini ikajiunga 1999. Wanaaminiana kwa sababu kila mmoja ana maboksi.

Swali ambalo jopo hulipenda kuliko yote ni moja: mlijifunza nini, mkabadilisha nini? Kwa ajili yake tuna boksi namba saba, "Uboreshaji Endelevu", lenye lebo nzuri kuliko zote, iliyochapwa kwa rangi.

Siku ya kuondoka Sigino niliyahesabu chini ya mwembe. Yalikuwa kumi. Nikalikuta namba saba jikoni, limejaa mbegu za mbaazi, chuma kikibana mfuko wa nailoni vizuri kabisa.

"Mama, karatasi zilizokuwa humu umezipeleka wapi?"

"Karatasi gani, baba? Mimi nimelikuta tupu."

Nikamwachia. Nilipofika Arusha nilinunua jingine, nikaandika mgongoni jina lile lile.