Shangazi Sindano Awajibu Wenye Suruali Pana

Wiki hii kapu la barua la Shangazi Sindano limejaa viuno. Baada ya majuma ya mawifi wakorofi, wachumba wasiopokea simu na mpangaji anayekaanga dagaa usiku wa manane, wasomaji wamemletea jambo analolijua kweli: suruali iliyouzidi mwili. Wengine wamekonda, wengine wamerithi, wengine wamedanganywa na lebo. Wote wana cherehani nyumbani au kwa jirani, na karibu wote wameshashika mkasi. Shangazi anaomba mkasi urudishwe juu ya kabati. Utaitwa zamu yake ikifika.

*"Shangazi, daktari aliniamuru nipunguze mwili, nikapungua. Sasa suruali za kazini nazikaza kwa mkanda hadi mifuko ya nyuma inasalimiana. Mke wangu ana cherehani, ila amezoea kushona mapazia tu. Tuanzie wapi?" — Mshika Kiuno, Dodoma*

Shangazi anampongeza Mshika Kiuno, kisha anampa habari njema: suruali yake ilishonwa ikijua kwamba siku hii huenda ikafika. Suruali rasmi za kiume kwa kawaida huwa na mkanda wa vipande viwili, cha kulia na cha kushoto, vinavyokutana katikati ya mgongo. Ndani ya mshono huo huachwa kitambaa cha akiba, kipana kiunoni, kikipungua kadiri kinavyoshuka kuelekea msamba. Mtu akinenepa huongezewa hapo, akikonda hupunguziwa hapo hapo. Wanaoanza huvamia ubavuni kwa sababu ndiko wanakoona mshono mrefu ulionyooka, wakajikuta wanafumua mifuko ambayo hawajui itarudije.

Kwa hiyo Mshika Kiuno avae suruali pamoja na shati analochomekea, asimame wima bila kuvuta tumbo ndani. Mkewe akusanye kitambaa kilichozidi katikati ya mgongo na kukichoma pini. Suruali ikishavuliwa, kitanzi cha nyuma kinachopitisha mkanda wa ngozi kifumuliwe, na mkanda wa suruali ufunguliwe pale ulipoungwa. Wembe unafaa kwa kazi hiyo mradi ukate uzi na usiguse kitambaa: ukatwe mshono mmoja, iachwe mitatu, kisha uzi wa upande wa pili uvutwe, utatoka wenyewe.

Sasa inakuja hesabu, na hapa ndipo suruali nyingi zinapoangamia. Kitambaa kinaposhonwa kimekutanishwa pande mbili. Kama kiuno kimezidi sentimita 4, mstari wa chaki unachorwa sentimita 2 tu kutoka mshono wa zamani. Anayechora sentimita 4 atakuwa amepunguza 8, na barua yake inayofuata itahusu kupumua.

Mstari huo uanze mkandani na ushuke ukisogea taratibu hadi uungane na mshono wa zamani pale unapoanza kupinda kuingia msambani. Ukikatizwa ghafla, nyuma patatokeza kinundu kama pua ya birika, na pasi haitakiondoa. Kabla ya cherehani kuguswa, mstari wote upigwe bandi kwa mkono, mishono mirefu ya uzi wa rangi nyingine. Mshika Kiuno avae tena, aketi, ainame kama anayefunga kamba za viatu, apande ngazi. Suruali isiyoruhusu kuketi haiwezi kuwa ya kazini.

Ikipita mtihani huo, ishonwe kwa mshono wa kawaida wa milimita 2.5, na kwenye mpindo wa makalio ishonwe mara mbili. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa suruali kila mtu anapajua. Kisha bandi itolewe, mshono upanuliwe kwa pasi, mkanda na kitanzi virudishwe. Kile kitambaa kilichobaki ndani kisikatwe. Daktari anaweza kubadili amri.

Kuna mpaka mmoja. Kiuno kikipunguzwa zaidi ya sentimita 5 hivi kwa njia hii, mifuko ya nyuma itaanza kusogeleana tena, safari hii bila msaada wa mkanda, na mstari wa pasi wa mguu utaanza kupinda. Hapo suruali inahitaji kufumuliwa upya kuanzia ubavuni, na kazi hiyo ni ya fundi.

*"Nimenunua jinzi Gikomba. Lebo inasema 36, na miaka yote mimi ni 36. Nimeivaa, imenishuka hadi magotini. Mama mkwe anasema nimerogwa nikonde. Nimtafute mganga au fundi?" — Thelathini na Sita, Nairobi*

Amtafute mwenye futi kamba. Lebo za suruali hazina kiapo. Mwaka 2010 jarida la Esquire la Marekani lilipima suruali za kiume kutoka maduka mbalimbali, zote zikiwa na alama ya kiuno cha inchi 36. Moja ya Old Navy ilikutwa na inchi 41. Wateja hufurahi kuambiwa ni wembamba, na wauzaji wanalijua hilo. Suruali kama hizo zikivaliwa kwao zikachoka, husafiri katika marobota hadi masoko ya Gikomba au Karume, zikiwa bado na lebo zao za kubembeleza. Anayenunua mtumba apime mkanda wa suruali yenyewe kwa futi, na namba ya lebo aiache kama ilivyo.

Jinzi ina tabu zake. Mkanda wake mara nyingi ni kipande kimoja kisicho na kiungo nyuma, na mshono wa makalio umekunjwa ukalaliana, ukapigwa nyuzi mbili zinazoonekana kwa nje. Kuufumua na kuurudisha ulivyokuwa kunamtesa hata aliyezoea. Basi Shangazi anampa Thelathini na Sita njia ya mwanafunzi: lastiki.

Anunue lastiki bapa, nyembamba kidogo kuliko mkanda. Upande wa ndani wa mkanda, ule unaogusa mwili, akate matundu mawili ya kusimama, moja nyuma kidogo ya kila ubavu. Kama nyuma kuna kibandiko cha ngozi kilichoshonwa kupenya mkanda wote, akifumue kwanza. Apenyeze lastiki kwa pini ya nepi kutoka tundu moja hadi jingine, ashone ncha moja, avute ncha ya pili mpaka kiuno kikae, achome pini, avae, kisha aishone nayo. Nyuma patajikunja kidogo, lakini mkanda wa ngozi na shati vitaficha. Njia hii inafaa pale ambapo mapaja na makalio yanakaa sawa, na kiuno peke yake ndicho kinachopwaya.

Akitumia cherehani, aweke sindano namba 100/16. Namba ya kwanza ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 100 ni milimita 1 kamili, na ile 80 ya kushonea mashati huweza kuvunjika kwenye jinzi. Mahali kitambaa kilipolundikana tabaka nyingi, aachie pedeli na azungushe gurudumu kwa mkono. Tena akae mbali na vile vidude vya shaba pembeni mwa mifuko. Hizo ni ribiti. Zilitokana na wazo la Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno, Nevada, ambaye pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss alipewa hataza yake Mei 20, 1873. Zilikusudiwa kuzuia mifuko ya vibarua isichanike, na kwa sindano hazina huruma.

*"Baba ameniachia bugaluu zake za ujanani, kitambaa kizuri ajabu. Nataka ziwe modo, zinibane mguu. Mama anasema nitamtia aibu." — Mrithi, Tanga*

Mama huyo ana historia upande wake. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ianze Januari 1, 1969, kupiga vita vimini, mawigi na suruali za kubana. Angezaliwa mapema, Mrithi angepunguza suruali yake kwa kificho. Leo hakuna wa kumfukuza barabarani, ila mshono mbaya utamfuata popote.

Bugaluu humwagika kuanzia gotini kushuka chini, kwa hiyo kazi kubwa iko huko. Mrithi afumue pindo kwanza, kwa sababu mguu hauwezi kupunguzwa sawasawa huku pindo limefungwa. Aigeuze suruali ndani nje, aitandaze mezani, juu yake alaze suruali nyingine inayomkaa vizuri, kisha achore kuifuata. Kinachozidi akigawe sawa kwa mshono wa nje na wa ndani. Kama mzingo wa chini unapaswa kupungua sentimita 8, kila mshono uingie sentimita 2. Akizitoa zote upande mmoja, mguu utajipinda, na mstari wa pasi utaishia kwenye kifundo.

Kipimo cha mwisho ni kisigino. Azungushe futi kutoka kisiginoni hadi juu ya unyayo, mguu ukiwa umenyooshwa. Mdomo wa suruali ya kitambaa kisichovutika usiwe mwembamba kuliko hapo, la sivyo kila jioni ataomba msaada wa kuivua.

*"Nilikata kwanza ili nije kushona baadaye. Ni suruali ya mume wangu, ya suti. Yuko safarini, anarudi Ijumaa." — Mwenye Mkasi, Mwanza*

Pole, mwanangu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Shangazi anaona njia mbili. Kama pengo liko nyuma kiunoni, anaweza kuingiza kipande cha pembe tatu, na kitambaa chake akitafute kwenye pindo la chini au ndani ya mkanda. Koti la suti litasitiri. Kama alikata ubavu mzima, aingize ukanda mrefu kila upande kuanzia kiunoni hadi chini, na mume akubali kuwa na suruali ya michezo. Ikishindikana, mapaja ya suruali ya mtu mzima yanatosha kaptula ya mtoto. Suala la Ijumaa lenyewe limepelekwa kwenye safu ya ndoa.

*"Nimeazima suruali ya kaka kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Kaka ni mnene. Naweza kuipunguza bila yeye kujua?" — Msimamizi wa Bwana Harusi, Kibaha*

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na hapa wanahitaji msaada kidogo. Inawezekana, kwa masharti: wembe usiingie, pasi isiguse mkunjo, cherehani ibaki imefunikwa. Akusanye kitambaa nyuma kwa ndani, apige bandi kwa mkono kwa uzi imara wa rangi ya suruali, mistari miwili inayokaribiana, na mkanda wenyewe aukunje tu na kuushikiza. Koti lisivuliwe hata muziki ukikolea. Jumapili bandi itolewe, suruali ifuliwe, irudishwe kwa mwenyewe.

Barua zilizobaki zitajibiwa wiki ijayo, zikiwamo tatu zinazohusu sketi na moja ya kanzu iliyopungua baada ya kufuliwa. Wanaotaka kuandika kuhusu suruali wanaombwa wataje aina ya kitambaa, kama mkanda umeungwa nyuma au la, na vipimo vya kiuno, makalio na paja kwa sentimita, vikichukuliwa mwilini na kwenye suruali yenyewe. Barua yenye namba ya lebo peke yake Shangazi hataijibu.