Buluu ya Ghuba

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa maneno machache na kofia safi, na katika umri wake wote sikumjua kufanya israfu ila moja, nayo ni kununua motokaa ya Volkswagen mwaka 1962, mwaka ule ule ambao Tommy Fjastad aliendesha motokaa ya namna hiyo katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki akatoka wa kwanza. Kwamba injini yake ilikaa nyuma penye haki ya mizigo, na mizigo ikakaa mbele penye haki ya injini, na kwamba injini hiyo ilipozwa kwa upepo wala haikunywa hata kikombe cha maji, hayo ami aliyahesabu kuwa miongoni mwa hekima za Wadachi ambazo mtu mwenye adabu hazihoji. Alipofariki aliniachia mimi, nami, kwa uzembe ambao sitauremba, nikaiacha chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu hapa Mombasa mpaka nilipostaafu, ndipo nikanuia kuirudisha katika hali iliyokuwa nayo siku ami alipoitoa dukani.

Habari za injini, breki na sakafu iliyoliwa na kutu sitazisimulia. Zilikwenda vyema, na jambo lililokwenda vyema halina ladha katika masimulizi. Nje nako fundi wa jirani alipapuliza rangi, na watu wakasifu. Balaa ilikuwa ndani.

Msomaji aliyezoea magari ya siku hizi, ambayo ndani yake ni plastiki kila upande, huenda asijue kwamba dashibodi ya motokaa ile ni bati tupu lililopakwa rangi ya bodi, na kifuniko cha kisanduku chake ni vivyo hivyo, na kingo za milango chini ya vioo pia. Basi mwenye kuifufua hana budi kuoanisha ndani na nje. Na kosa la rangi ya nje huonwa na wapita njia, ambao wana shughuli zao, lakini kosa la rangi ya dashibodi humkabili mwenyewe uso kwa uso tangu anapowasha mpaka anapozima.

Nilikwenda katika duka la rangi nikiwa na yakini kamili, kwani rangi ya motokaa ile naikumbuka tangu utoto, nikamwambia kijana niliyemkuta kwamba nataka buluu.

“Buluu gani, mzee wangu?”

“Ya bahari.”

“Bahari ya wapi?”

Nilidhani ananifanyia stihizai, kumbe aliuliza kwa nia njema, maana alinifungulia kitabu chenye kurasa nzima za buluu, na kila moja ilidai kuwa bahari. Hapo nikatanabahi kwamba lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, ina nyeusi, nyeupe na nyekundu zilizo rangi kwa haki zao wenyewe, na nyingi katika zilizobaki ni za kuazima: kijivu tumekiazima kwa majivu, kijani kwa majani, zambarau kwa tunda, na samawati tumeiteremsha mbinguni kwa msaada wa Waarabu. Mtu akikwambia kitu ni cha rangi ya maji ya bahari hajakwambia neno mpaka akutajie pwani, saa, na hali ya mawingu. Bahari ya Kilindini saa nne asubuhi siyo ya Nyali alasiri, na ya Nyali wakati wa kaskazi siyo ya Nyali wakati wa kusi. Basi nikachagua kwa moyo, na moyo ukachagua rangi ya mlango wa zahanati. Mke wangu alipoiona dashibodi ile alikaa kitambo, kisha akauliza kwa upole daktari anaanza saa ngapi.

Ndipo iliponijia fikira kwamba kiwanda hakikupaka kwa moyo bali kwa namba. Namba ya motokaa yetu ni L390, na herufi ile ya mwanzo ni ya neno la Kidachi, Lack, maana yake rangi ya kupaka. Na jina la namba hiyo, tukilitia katika lugha yetu, ni Buluu ya Ghuba. Jina hilo lilizua mjadala usiokuwa na haja. Shemeji yangu, aliyeishi Maskati miaka ishirini na ushei, alikuwapo barazani siku hiyo, akasikia neno Ghuba akaweka kikombe cha kahawa chini.

“Ghuba ipi?” akauliza. “Mimi Ghuba ya Oman nimeitazama kutoka Matrah kila Ijumaa, na rangi hii siyo.”

Nikamjibu kwamba Wadachi huenda walikusudia ghuba nyingine, au hawakukusudia ghuba yoyote ila kuuza magari. Akasema ikiwa ni hivyo basi jina ni la uongo, na haiwezekani kupata rangi ya kweli kwa jina la uongo. Wazee wawili wakamuunga mkono, kahawa ikaongezwa, na adhuhuri ikatukuta pale pale, dashibodi ingali zahanati.

Namba ilichanganywa, dashibodi ikapulizwa upya, na haikuoana na nje hata kidogo, kwa sababu fundi wa nje hakuwa amefuata namba. Alifuata mlango jinsi alivyoukuta, baada ya jua la Mombasa kuunywa miaka na miaka. Nikakiendea kile kifuniko cha kisanduku, ambacho kwa bahati hakijaguswa na mtu, nikakifunga katika kanga ya mke wangu pasipo idhini yake, nikakipeleka katika duka jingine lenye mashine ya kusoma rangi kwa jicho la taa. Mashine ile ni aminifu kupita kiasi. Ilisoma buluu, na juu ya buluu ikasoma moshi wote wa sigara alizovuta ami yangu katika uhai wake, ikatupa rangi ya maji ya bandarini penye mafuta yaliyomwagika. Laiti ningalikisugua kwanza! Mashine husoma kilicho juu. Aliyekitia uchafu haimjui.

Shahidi mwadilifu nilimpata kwa kuchomoa kisahani cha majivu kutoka katika dashibodi. Nyuma yake, mahali ambapo jua halikufika wala moshi, wala mafundi wangu watatu, palikuwa na ukanda wa upana wa vidole viwili, unang'aa kama siku ya kwanza. Na ulikuwa ni L390 hasa, bila kupungua. Maana yake namba ilisema kweli tangu mwanzo, na nje ndiko kulikokosewa. Mtu mwenye insafu angeipaka upya bodi nzima. Mimi nilitazama pensheni yangu, nikamwamuru fundi aipotoshe ndani ilingane na nje.

Akatia nyeupe kidogo, na nyeusi tone moja kwa ncha ya msumari, akapaka juu ya kibati, akangoja kikauke, kwa kuwa rangi mbichi ina kauli yake na ikikauka huigeuza. Siku ya tatu, chini ya mwembe, saa tano ya asubuhi, mlango na dashibodi vikawa kitu kimoja. Nilimkumbatia fundi, nikachafua kanzu.

Jioni ile tulikwenda harusini. Niliegesha mbele ya ukumbi, chini ya taa za tyubu, na mke wangu akageuza kichwa taratibu akaniambia dashibodi imekuwa kijani. Kweli ilikuwa kijani, na bodi imebaki buluu. Fundi alinieleza kesho yake, bila haya, kwamba rangi mbili zilizoundwa kwa unga tofauti huweza kukubaliana katika mwanga wa jua zikafarakana katika mwanga wa taa, na kwamba yeye gereji yake haina taa.

Nina makopo manne ya buluu yaliyobaki, yote yamefungwa vizuri. Mwenye motokaa ya 1962 anayehitaji na aje achukue, simtozi kitu. Ila aje mchana, na akimkuta shemeji yangu barazani asitaje Ghuba.