Koo na Vyeo vya Kikapu: Uchunguzi kutoka Kibaigwa

Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa mimea na wanyama majina mawili mawili ya Kilatini, alifariki mwaka 1778 bila kufika Kibaigwa. Ndiyo maana hadi leo tenga la kuku halina jina la kisayansi. Waraka huu unaziba pengo hilo kwa unyenyekevu wote wa kitaaluma, yaani kidogo tu.

Uwanja wa utafiti ulichaguliwa makusudi. Kibaigwa, wilayani Kongwa, kandokando ya barabara ya Dodoma na Morogoro, ni himaya ya gunia. Kwenye soko lake la mahindi gunia ndilo linalopimwa, linaloshonwa, linalobebwa na kugombewa. Hata lumbesa, yaani ujazo wa kupita kipimo, ambayo maofisa wa Wakala wa Vipimo hawachoki kuikemea, ni dhambi ya gunia kwanza. Anayetaka kuijua tabia halisi ya kikapu akakitazame mahali ambapo hakina mamlaka.

Waliotutangulia walivigawa vikapu kwa malighafi: ukindu, milala, mkonge, mianzi, fito. Mgawanyo huo unamfaa msusi. Mwenye nyumba haulizi kikapu kimetokana na mmea gani. Anauliza kinaficha nini. Kwa hiyo sisi tumevipanga kwa cheo, na katika kupanga ikajitokeza kanuni moja: kadiri kikapu kinavyosogea kutoka uani kwenda sebuleni, ndivyo mzigo wake unavyopungua.

Chini kabisa lipo tenga. Makazi yake ni uani, juu ya baiskeli na juu ya malori. Kuku wa kienyeji wa Kanda ya Kati husafiri ndani yake kwenda Dar es Salaam, vichwa nje, wakitazama nchi kuliko abiria wengi wa basi. Matundu yake ndiyo elimu yake. Kitunguu kinahitaji hewa. Kifungie kwenye mfuko usiopumua kitatoa jasho, kitachipua, kitaoza. Mtu wa mjini anayelipa fedha nyingi kwa chombo cha kuhifadhia vitunguu kwa njia rafiki kwa mazingira amenunua tenga lililooga.

Juu yake kipo kikapu cha sokoni, chenye mikono miwili. Hiki kilidhani kimepata uteuzi Juni 1, 2019, siku katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza kutumika Tanzania Bara na rambo ikastaafishwa kwa lazima. Nafasi ikachukuliwa na mfuko mbadala, unaoonekana kama kitambaa ilhali nyuzi zake ni plastiki vilevile. Siasa za ofisini zipo hata jikoni. Katika daraja hilihili kuna kapu lililosukwa kwa mikanda ya plastiki: ususi ni wa bibi, malighafi ni ya kiwandani, rangi ni za bendera ambazo hakuna nchi iliyozikubali. Tumeliweka kando hadi wataalamu wapatane, na haliozi, kwa hiyo hakuna haraka.

Daraja la chumbani ni la kikapu chenye mfuniko, mfano kile cha milulu kinachosukwa Iringa. Ndani yake hupatikana kanga, kadi ya kliniki ya mtoto ambaye sasa ana ndevu, risiti za mauzo ya mahindi, na chaja zilizofiwa na simu. Mfuniko ndio siri ya upendo wetu kwake. Kikapu cha wazi kinadai unadhifu. Chenye mfuniko kinasamehe. Hali ya hewa nayo inakipendelea huku: mvua huja kwa msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili, kisha ukame, hivyo ukungu unaokisumbua kikapu cha Pwani hapa ni mgeni wa nadra. Adui ni mchwa. Kiinue juu ya tofali au kigoda, kitoe juani mara mojamoja, na kikikauka hadi kulia ukikigusa, kinyunyizie maji kidogo kabla hakijakatika.

Kuhusu kihenge, lile ghala la fito zilizosukwa na kukandikwa udongo, habari ni za msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliingia nchini dumuzi kutoka Amerika ya Kati, akajulikana kwanza mkoani Tabora, na wananchi wakampa jina la Scania. Mdudu huyu wa milimita tatu au nne hutoboa hindi likiwa bado gunzini, na fito nazo hazimshindi. Ghala likageuka maficho yake. Ushauri ukawa: pukuchua, changanya dawa, tia guniani. Enzi ya gunia ina deni kwa dumuzi, ingawa sokoni sijasikia akishukuriwa. Leo vihenge vinavyotajwa zaidi ni vile vya chuma vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, vyenye cheo kikubwa na mzigo mkubwa kuliko vyote. Hali hiyo inapingana waziwazi na kanuni yetu. Tumekiondoa kihenge katika ukoo.

Kileleni umeketi ungo wa ukutani. Ndugu yake wa Kibaigwa anapepeta tangu alfajiri. Yeye anaishi sebuleni Dodoma mjini, mara nyingi pamoja na wenzake wawili wa ukubwa tofauti, na mzigo wake ni vumbi. Kushushwa cheo ni nadra. Kisa kimojawapo kinasimuliwa cha shangazi aliyetoka Kibaigwa kumtembelea binti wa kaka yake, akautazama ukuta kwa muda.

“Mwanangu, ungo huu una tundu?”

“Hauna, shangazi.”

“Basi nishushie. Mchele wako una chuya.”

Ulishushwa, ukafutwa vumbi, ukapepeta kilo mbili, na shangazi aliporudi Kibaigwa aliondoka nao.