Shangazi Mtetea Anajibu

Barua za wiki hii nyingi zimetoka kwa watu ambao hawana kuku hata mmoja, ila matatizo ya kuku wameshayapata.

*Shangazi, shikamoo. Nimestaafu, nina uwanja mdogo nyuma ya nyumba, Mbezi. Nimepiga hesabu: mitetea 10, kila mmoja aangue vifaranga 10, mara 3 kwa mwaka, ni kuku 300. Nusu wakiwa majike, mwaka wa pili naangua 4,500. Nimeshamwambia mke wangu tutafute kiwanja Kibaha. Nianze na nini? — Tajiri Mtarajiwa*

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuizima hiyo simu unayopigia hesabu. Hesabu yako imenyooka kabisa, ila kuku hawakushirikishwa. Kuanguliwa ni siku 21, na yupo tetea atakayeyaacha mayai siku ya kumi na saba akaenda kuoga vumbi. Wapo kunguru wa Dar, hawa wenye asili ya India walioingizwa Zanzibar miaka ya 1890 wapunguze taka, nao kifaranga wako wanamhesabu humo humo. Na yupo shemeji wa Tanga, ambaye hapigi simu kabla ya kuja.

Sasa banda, ambalo katika barua yako nzima hukulitaja. Mita moja ya mraba iwe ya kuku wanne au watano. Upepo upite juu, usiwapige mgongoni wakiwa wamelala. Wavu uzame ardhini shubiri mbili, maana kicheche habishi hodi, anachimba. Weka vichanja vya kulalia, mwaga maranda sakafuni, na fundi akikwambia "mlango tutaweka baadaye", tafuta fundi mwingine.

Halafu mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Nilipoanza nilikuwa na kuku kumi na wanne. Jumatatu mmoja akasinzia. Nikasema amechoka, kama mimi. Jumatano kinyesi kikawa cha kijani, mwingine shingo ikampinda. Jumapili nilibaki na mmoja, naye alikuwa akinitazama vibaya. Ugonjwa huu hauna dawa, una chanjo, na inatengenezwa huko huko Kibaha unakotafuta kiwanja. Ni tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Kichupa kimoja kinachanja kuku wengi kuliko utakaokuwa nao, kwa hiyo changa na majirani. Kuku wao wakiugua, wako hawatachelewa.

*Shangazi, mume wangu anasema bila jogoo hakuna yai. Mimi sitaki kelele. Nani mkweli? — Mpenda Usingizi, Tabata*

Wewe. Mtetea hutaga bila jogoo. Jogoo anahitajika kwa vifaranga tu. Mwambie mumeo kwa upole, wanaume jambo hili huwagusa.

*Shangazi, vifaranga 50 wanafika Ijumaa. Tumewaandalia boksi la televisheni na blanketi. Inatosha? — Mama Mdogo, Morogoro*

Blanketi mrudishie mwenye kitanda. Vifaranga wa siku moja wanataka joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, kisha unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Boksi nalo lina kona, na kona zinaua: wakisikia baridi hujibana humo, wakalaliana hadi wa chini akakosa pumzi. Zungushia kadibodi iwe duara, tandika maranda, ning'iniza taa katikati. Kama umeme wa kwenu ni kama wa kwetu, kaa na jiko la mkaa tayari, lakini hewa ipite, maana moshi wa mkaa hauchagui kati ya kifaranga na mwenye kifaranga. Kisha wachungulie usiku. Wakijazana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, wanaungua. Wakitawanyika ovyo kama watoto wa madrasa mwalimu akitoka, nenda kalale.

*Shangazi, kijana wa baiskeli aliniuzia vifaranga 20 kwa bei ya kutupa, akaapa ni mitetea watupu. Sasa 18 wanawika. — Aliyewikiwa, Gongo la Mboto*

Pole, mama. Wale wawili waliobaki wape wiki mbili, nao watawika. Madume ya kuku wa mayai huuzwa rahisi kwa sababu hayatagi. Wakuze, uwauzie wapishi wa supu.

*Shangazi, tumeanza na kuku watatu. Watoto wamempa mmoja jina la Matroni, maana anawafokea wenzake. Sikukuu inakaribia na nilimnunua kwa ajili ya pilau. — Baba Njiapanda, Kigamboni*

Mwenye jina hachinjwi. Hilo ulipaswa kulijua kabla hujamwingiza uani. Mwache atage, ukimpa pumba, dagaa na maji safi atakulipa. Pilau yako inunulie kuku sokoni, aliyekwisha kunyonyolewa, mfunike ndani ya kikapu. Na upitie mlango wa mbele. Matroni anashinda uani.