Evye Inayoning'inia: Somo la Kwanza

Wababa na wamama wa Kasongo, na nyinyi wageni wetu wa Kabambare mliofika na vumbi la njia miguuni, kaeni. Mbele yenu amesimama Daktari wa Evye, cheo nilichojipa mwenyewe baada ya kuona hakuna mwingine anayekigombea.

Mji huu haukuanza raha jana. Askari wa Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis walipouteka tarehe 22 Aprili 1893 kutoka mikononi mwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip, daktari wao Hinde aliandika kitabuni mwake kwamba walilalia magodoro ya hariri, vitanda vya nakshi, vyandarua navyo vya hariri, na wakakuta bilauri za fedha na za kioo. Nimekisoma kitabu hicho kwa makini. Evye ya inoksi haimo. Wanahistoria wanasema mji ulianguka kwa bunduki. Mimi nina maoni yangu. Eti Harry Brearley wa Sheffield alikiyeyusha chuma chake kisichoshika kutu mwaka 1913 tu, miaka 20 baadaye? Huo si utetezi.

Tuingie ndani. Evye ya kawaida hukaa juu ya meza na kuacha ukingo wake umejitokeza kama mgeni aliyeketi kitandani kwa mwenyeji. Hii yetu hufungwa chini ya meza. Punje za wali na mabaki ya sombe unayafagia moja kwa moja hadi ndani, hakuna pa kukwama. Siri yote ni hiyo. Mwalimu mwingine angewatoza.

Unene hupimwa kwa geji, na geji huhesabu kinyumenyume: 16 ni nene kuliko 18, na 18 ni kama milimita 1.2. Mkienda kununua, bebeni sumaku iliyotolewa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ibandikeni katikati ya sakafu ya evye. Ikidondoka, yawezekana mko mbele ya inoksi ya 304, yenye kromi 18 na nikeli 8 kwa mia. Iking'ang'ania, irudisheni mfukoni, muondoke bila kuaga. Kwenye kona zilizokunjwa sumaku huweza kuvutwa kidogo. Hapo msigombane na mwenye duka.

Sasa meza. Ubao haufai, kwa sababu kingo za tundu ziko wazi, na ubao utakunywa maji hadi uvimbe. Mimi nataka graniti ya sentimita 3. Kipande cha mita 2 kwa sentimita 60 kina kilo 97 hivi. Vijana wanaosukuma kinga kutoka Kabambare wanaujua uzito huo, ila bidoni la mawese likianguka linaokotwa, graniti ikianguka inakuwa mafiga. Fundi masoni mmoja, aliyekaa nyuma kule, anasema dali ya simenti yenye vyuma, iliyomwagwa na tundu lake tayari, inatosha kabisa. Inatosha. Lakini sikulisema mimi, kwa hiyo tuendelee.

Pakeni silikoni ukingoni mzunguko mzima bila kukata, bandikeni evye kwa chini, kazeni vibanio, itegemezeni kwa miti, na mtu asiiguse kwa saa 24. Mama aliyezoea kusugua sufuria kwa mchanga na majivu akae mbali nayo, ataikwaruza. Javeli nayo isilale humo usiku kucha. Klorini huitoboa inoksi vitundu vidogo vidogo.

Naona mkono. Ndiyo, mama? Maji? Mama, maji ni somo la mwaka wa pili. Kwa sasa mtu mmoja atasimama na bidoni la lita 20 akimimina polepole, na mwenzake ataosha. Yule wa kwanza, kitaalamu, anaitwa robine.

Imebaki sifoni, ule mpira uliopinda chini, unaobakiza maji kidogo ili harufu isipande. Harufu ya wapi, wakati mtaro haupo? Msinikatize. Chini ya sifoni wekeni ndoo. Ikijaa, mwiteni mtoto akaimwage kwenye migomba. Na mtoto huyo akiuliza kwa nini vyombo havikuoshewa ndani ya ndoo yenyewe tangu mwanzo, mrudisheni shuleni.